Ameacha Sigara, Anavuta Vepu: Nafuu Yake Inatoka Wapi?



Tukiingia darasani siku hizi kuzungumza juu ya sigara, swali huja kabla hatujamaliza kujitambulisha. Wala haliulizi sigara. Linauliza vepu, ile sigara ya kielektroniki ya betri inayotoa wingu lenye harufu ya embe au mnanaa. Na anayeuliza huwa kajipanga sawasawa: "Dada, mbona Uingereza serikali yenyewe inawagawia watu vepu wapate nafuu? Ingekuwa mbaya wangegawa?"

Swali zuri hilo, na silikwepi. Ni kweli kwamba mwezi wa Aprili 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji sigara milioni 1 vepu za kuanzia, pamoja na ushauri, ili waachane na sigara. Ni kweli pia kwamba watu waliohama kabisa kutoka sigara kwenda vepu wengi wao hupata nafuu. Kikohozi hupungua, pumzi hurudi, hata pilau huanza tena kunukia pilau. Mtu akikuficha hayo kwa nia ya kukutisha, siku utakapoyajua hutamwamini tena kwa lolote.

Lakini mtu hapati nafuu bila kwanza kuumwa. Kwa hiyo hebu tuanze na ugonjwa wenyewe, ndipo tuone nafuu hiyo inatoka wapi na ni ya nani.

MOSHI NDIO MUUAJI

Wengi hudhani kinachoua ndani ya sigara ni nikotini. Nikotini ina ubaya wake, tutaufikia, lakini kazi yake kubwa ni kukurudisha dukani. Kinachoua hasa ni moshi.

Sigara ni majani makavu yanayoungua. Unapovuta, ile ncha nyekundu hufikia joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi. Katika joto hilo tumbaku huvunjika na kutoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa zinasababisha kansa. Sina haja ya kukutajia zote. Tuangalie mambo mawili tu, kwa sababu hayo ndiyo yanayobadilika haraka mtu anapoacha kuvuta moshi.

La kwanza ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Unaifahamu, ingawa pengine si kwa jina: ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria daladala ambayo viti vyake vimekaliwa na watu wasioshuka kituo chochote. Abiria halali, yaani oksijeni, anabaki kituoni. Moyo unalazimika kuongeza safari ili kupeleka mzigo ule ule. Ndiyo maana mvutaji akipanda ngazi za ghorofa mbili tu, anahema kama kakimbizwa.

La pili ni ufagio wa mapafu. Mirija yako ya hewa imezungukwa kwa ndani na vijinywele vidogo sana, huvioni kwa macho, vinavyopepea kuelekea juu mchana na usiku. Kazi yake ni kusukuma makohozi pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo, hadi kooni, ambapo unavimeza au kuvitema. Moshi huvilegeza vijinywele hivyo, na ukiendelea kwa miaka huviharibu. Ufagio ukilala, taka zinabaki. Mwili unabakiwa na njia moja tu ya kusafisha, nayo ni kukohoa. Kile kikohozi kizito cha asubuhi ambacho majirani wanakitumia kama saa ya kuamkia si "baridi ya asubuhi". Ni mapafu yasiyo na ufagio.

Mwaka 1951 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza kuwafuatilia madaktari wa nchi yao, wavutaji na wasiovuta. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50. Ilionekana kwamba waliovuta sigara maisha yao yote walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Na hapa kuna habari njema kwa mvutaji: aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 aliokoa kama miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6, aliyeacha akiwa na 40 aliokoa 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10. Madaktari hao waliacha bila vepu, kwani wakati huo hazikuwapo.

MJOMBA ANAPOHAMA

Sasa tuseme una mjomba anayeishi Uingereza. Ana miaka 45 na amekuwa akimaliza pakiti moja kwa siku tangu alipokuwa na umri kama wako. Jumatatu asubuhi anatupa sigara zote na kushika vepu.

Chombo hicho kilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik. Ndani yake kuna betri, waya mwembamba unaopata moto, na kimiminika chenye propilini glaikoli, glisirini, vionjo na mara nyingi nikotini. Waya ukipata moto, kimiminika kinageuka kuwa wingu. Wapo wanaosema ati ni mvuke wa maji tu. Si maji. Lakini jambo moja ni kweli: hakuna kinachoungua. Pasipoungua kitu hakuna lami, na kaboni monoksidi inakuwa karibu hakuna.

Matokeo yanaanza mapema kuliko unavyodhani. Nusu ya kaboni monoksidi iliyomo damuni hutoka katika muda wa saa 4 hadi 6, kisha nusu ya iliyobaki katika saa nyingine kama hizo, na kuendelea. Jumanne jioni viti vya daladala viko wazi. Katika vituo vya kusaidia watu kuacha sigara, mtu hupuliza kwenye kidude kidogo kinachopima gesi hiyo katika pumzi. Mtu wa vepu peke yake hupata namba kama ya asiyevuta kitu. Nadhani hicho ndicho kipimo kinachomtia moyo mtu kuliko hotuba yoyote, maana anaona namba ikishuka kwa macho yake.

Siku chache baadaye pua na ulimi vinaanza kuamka. Baada ya wiki kadhaa vijinywele vya mirija ya hewa vinaanza tena kufagia, na hapo mjomba anaweza kushangaa: badala ya kikohozi kupungua, kinazidi! Wengine huogopa wakarudia sigara wakisema "vepu imenidhuru kifua." Mara nyingi ni ufagio tu unatoa taka za miaka. Kwa watu wengi kikohozi na kuhema hupungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa. (Akikohoa damu, au akipungua uzito bila sababu, hilo si la kusubiri, aende hospitali.)

Na mishipa ya damu? Hilo lilipimwa katika mji wa Dundee, Scotland, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Wavutaji sigara 114 walishirikishwa. Baadhi waliendelea na sigara, wengine wakahamia vepu zenye nikotini, na wengine vepu zisizo na nikotini, kwa muda wa mwezi mmoja. Watafiti walipima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka damu inaporuhusiwa kupita kwa kasi. Mshipa wenye afya hutanuka vizuri. Mshipa wa mvutaji ni mgumu kidogo, kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Katika mwezi huo mmoja mishipa ya waliohama ilianza kutanuka vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi ni wale waliofuata masharti na kuacha kabisa sigara. Wa nikotini na wasio na nikotini, wote walipata nafuu. Unaona? Kilichowasaidia si kitu walichoingiza mdomoni, bali kile walichoacha kuingiza.

Mwaka huo huo wa 2019 yalitoka matokeo ya jaribio jingine la Uingereza, la watu wazima 886 waliotaka kuacha sigara. Nusu walipewa vepu na nusu walipewa dawa za kawaida za nikotini kama bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna. Baada ya mwaka mmoja, watu 18 katika kila 100 wa kundi la vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya 10 hivi katika kila 100 wa kundi la pili. Hiyo ndiyo sababu serikali yao ikaona vepu zinafaa kugawiwa.

Ila soma mpaka mwisho. Katika wale waliofanikiwa kwa vepu, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha. Waliofanikiwa kwa dawa za kawaida, waliokuwa bado wanazitumia ni 9 tu katika kila 100. Mjomba ametoka kwenye moshi, lakini nikotini bado imemshika mkono.

KUPUNGUZA SI KUHAMA

Kuna wajomba wa aina nyingine, na kwa kweli ni wengi: mchana vepu ofisini, jioni sigara tatu na washikaji. Hujiona wamehama nusu na hivyo kupata nusu ya faida. Mambo hayaendi hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliopima mkojo na mate ya watu 181, uligundua kwamba waliotumia vepu peke yake kwa muda mrefu walikuwa na sumu za kansa kidogo sana kuliko wavutaji sigara. Waliochanganya vyote viwili hawakuwa na tofauti kubwa na wavutaji wa kawaida.

Moyo nao haujui kuhesabu nusu nusu. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakakuta kwamba mtu wa sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Si sehemu moja ya ishirini, ni karibu nusu! Kwa hiyo anayejisifu "navuta moja tu baada ya kula" asijipongeze sana.

Utasikia pia ule msemo kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95. Ulitoka mwaka 2015 katika taarifa ya idara ya afya ya Uingereza. Ni makadirio ya jopo la wataalamu, si kipimo cha maabara, na wataalamu wengine waliyapinga. Lakini hata ukiyakubali, uliza: pungufu kuliko nini? Kuliko sigara, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani linasema huua hadi nusu ya wanaokitumia bila kuacha. Ukilinganishwa na simba, hata mbwa mkali ni mpole. Tena kansa ya mapafu huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza, na hakuna mtu duniani aliyekwisha vuta vepu miaka 30.

SASA TUJE KWAKO

Wewe msomaji wa kidato cha pili ambaye hujawahi kuvuta, viti vya daladala yako viko wazi. Ufagio wako unafanya kazi. Mishipa yako inatanuka kama mpira mpya. Ukichukua vepu unapata nafuu ya ugonjwa gani? Ile safari ya mjomba kutoka kwenye moto kwenda kwenye jua kali, wewe unaifanya kutoka kivulini.

Utakachokipata ni nikotini. Ikivutwa, hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde 10 hadi 20. Hapo mapigo ya moyo yanaongezeka na shinikizo la damu linapanda. Ubongo wa binadamu huendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, hasa ile sehemu ya mbele inayohusika na kutulia, kupanga na kujizuia. Nikotini inaingilia ujenzi huo, na ubongo wa kijana hunasa haraka kuliko wa mtu mzima. Kisha kila baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini inakuwa imetoka damuni, na arosto inaanza: hasira bila sababu, mawazo hayatulii, hesabu moja unaisoma mara nne. Unavuta, unatulia, unasema "vepu inanisaidia kusoma." Kumbe inakutibu ugonjwa iliyokupa yenyewe saa mbili zilizopita.

Kuna hila nyingine hapa. Sigara ina mwisho. Inafika kwenye kichungi, unaizima. Vepu haina mwisho unaouona. Nchini Uingereza sheria imeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kimiminika, na mililita 2 tu kwa tangi moja. Kwingineko huuzwa za miligramu 50 kwa mililita. Mtoto anavuta pafu mbili chooni, tatu njiani, tano kitandani, na hana pakiti ya kumwonyesha amevuta kiasi gani.

Marekani wameyaona haya. Mwaka 2019, wanafunzi 27 hivi katika kila 100 wa sekondari za juu walisema wametumia vepu katika siku 30 zilizopita. Ilipofika mwaka 2024, baada ya kampeni na sheria, walikuwa wameshuka hadi karibu 8 katika kila 100. Mwaka ule wa 2019 pia hospitali za huko zilianza kupokea vijana wenye mapafu yaliyoshindwa kufanya kazi ghafla. Hadi Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa, na 68 walikufa. Wengi walikuwa wametumia vepu za mafuta ya bangi zilizochanganywa na aina ya vitamini E inayofaa kwa krimu za ngozi lakini haifai mapafuni. Sisemi vepu ya embe itakufanyia hivyo wiki ijayo. Nasema kichupa kilichonunuliwa kwa rafiki wa rafiki hakina mtu anayejua kilichomo.

Na ile serikali ya Uingereza inayogawa vepu? Hiyo hiyo inakataza kumwuzia mtu wa chini ya miaka 18, na tangu tarehe 1 Juni 2025 imepiga marufuku vepu za kutumia mara moja na kutupa, zile za rangi rangi zilizopendwa sana na watoto wa shule. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Uganda iliamua kuzifungia kabisa kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Unaweza kubishana ni njia ipi bora, na mimi binafsi napenda mabishano hayo, lakini hakuna kati yao anayesema mwanafunzi asiyevuta aanze.

KAMA TAYARI UNAVUTA

Najua wapo. Inaanza na sigara moja inayonunuliwa peke yake kibandani, ya kugawana watu wawili nyuma ya bweni. Kwako habari ni nzuri kuliko kwa mjomba: una muda mfupi kwenye moshi, na mwili wako unaweza kurudi karibu ulivyokuwa. Huhitaji daraja la vepu ili uvuke mto ambao bado unakufika magotini.

Chagua siku, na uitangaze kwa mtu mmoja unayemheshimu. Arosto huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha inalegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Kila hamu inapokuja hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea, tafuna muwa, cheza mpira, ongea na mtu. Usikae na chenji mfukoni karibu na kile kibanda. Ukiteleza siku ya nne, siku tatu ulizoshinda hazijafutika, endelea. Na kama unashindwa kabisa, nenda kituo cha afya ukaseme wazi. Ubani na bandiko la nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mhudumu anaweza kukuambia kama vinapatikana na kama vinakufaa kwa umri wako.

Ukizungumza na mjomba wa vepu, au hata kaka yako, usianze kwa kumsimanga. Mwamkie, mpongeze, kisha muulize swali moja: sigara ya mwisho ulivuta lini? Akijibu "jana jioni", bado hajahama, na kazi yake ya kwanza ni kuitoa hiyo ya jioni. Akijibu "miezi mitatu iliyopita", muulize nguvu ya nikotini iliyoandikwa kwenye kichupa chake. Kama ni 20, anaweza kushuka hadi 10, akizoea ashuke tena, huku akirefusha muda kati ya pafu na pafu, mpaka afike sifuri. Ila akiona hamu ya sigara inarudi, asimame hapo hapo alipo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka tena.